Silika yenye vitundu na gefitinibu kwa saratani ya mapafu: chembe tupu nazo zinaua seli

Bint_Tunguu

Assalaam alaykum wakubwa zangu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa chembe za nano zenye vitundu, khasa za kubebea dawa za saratani ya mapafu. Kazi ni ya shahada ya pili, upande wa kemia.

Chembe ni silika ya aina ya MCM-41. CTAB (sabuni inayojengea vitundu) g 1 imeyeyushwa kwenye maji mL 480, ikaongezwa NaOH (moli 2 kwa lita) mL 3.5, joto nyuzi 80, kisha TEOS (kimiminika kinachotoa silika) mL 5 ikadondoshwa tone kwa tone na kukorogwa kwa muda wa saa 2. Unga umeoshwa kwa maji na ethanoli mara tatu, ukakaushwa kwenye oveni nyuzi 60. Ukubwa kwa DLS (kipimo cha mwanga) ni nm 130. Chaji ya usoni mwa chembe (zeta) ni +31 mV, na nimesoma kwamba chaji chanya huingia kwenye seli kwa wepesi.

Dawa ni gefitinibu. Mg 10 za dawa na mg 50 za chembe zimekorogwa usiku kucha kwenye methanoli mL 10, kisha methanoli ikaachwa ikauke yote. Kwa hesabu hiyo mzigo wa dawa ni 10/60, yaani 16.7%. Utoaji wa dawa umepimwa kwa mfuko wa dayalisisi (unaopitisha dawa na kuzuia chembe) ndani ya bafa mL 20: baada ya saa 24, kwenye fosfeti ya pH 7.4 imetoka 12%, na kwenye asetati ya pH 5.0 imetoka 74%. Kwenye seli za saratani ya mapafu za A549, kwa kipimo cha MTT (rangi inayoonyesha seli zilizo hai), chembe tupu za µg 200 kwa mL zinaua zaidi ya nusu ya seli. Zenye dawa zinaua sawasawa na hizo tupu. Dawa peke yake kwa µM 1 haifanyi kitu.

Nataka kujua mambo matatu. Kwa nini chembe tupu zinaua? Je, naweza kuandika kwamba vitundu vinafunguka kwa tindikali ya uvimbe? Na msimamizi wangu anataka sura ya mwisho iseme chembe hizi zitavutwa kwa pumzi hadi kwenye mapafu: hilo lina msingi?

Silanoli_Mkoani

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Jibu la swali la kwanza umeshalitoa mwenyewe kwenye namba ya zeta. Silika iliyo safi, kwenye maji ya pH 7, lazima iwe na chaji hasi, kwa kawaida kati ya −20 na −30 mV, kwa sababu silanoli (vikundi vya Si-OH) za juu yake zimeachia protoni. Ukiona +31 na hukuweka APTES wala kemikali nyingine yoyote yenye kikundi cha amini, hiyo ni CTAB inayozungumza. Kuosha kwa ethanoli mara tatu hakuitoi CTAB iliyomo ndani ya vitundu, kwa kuwa vitundu vimejengwa kuizunguka. Lazima iondolewe kwa makusudi.

Fanya hesabu ndogo. CTAB ina uzito wa 364.5 kwa moli. Ikibaki 2% tu ya uzito wa chembe, basi kwenye µg 200 za chembe kwa mL umewawekea seli µg 4 za CTAB kwa mL, sawa na µM 11. Kiasi hicho kinatosha kuchana utando wa seli. Na wewe hukuondoa kabisa, kwa hiyo umebaki na zaidi ya hiyo.

Namna ya kuitoa ni mbili. Ya kwanza ni kuunguza kwenye tanuri, nyuzi 550 kwa muda wa saa 5 au 6, joto likipanda nyuzi 1 au 2 kwa dakika. Kwa kazi ya dawa siipendi. Chembe zinashikana na hazitawanyiki tena vizuri majini, na silanoli nyingi zinapotea, ilhali ndizo utakazozihitaji ukitaka kupachika kitu juu yake. Ya pili ni kuchemsha kwa kupoza mvuke: g 1 ya unga, ethanoli mL 100, HCl kali mL 1, nyuzi 60 hadi 70, muda wa saa 6, halafu sentrifuji kwa nguvu ya 12,000 × g dakika 15, osha, urudie tangu mwanzo kwa ethanoli na HCl mpya. Mara moja haitoshi. Wapo wanaotumia amoniamu naitreti, g 2 kwa ethanoli mL 100, nayo inafanya kazi vizuri na haihitaji tindikali kali. Ila ioshe yote kwa ethanoli kisha kwa maji kabla ya kukausha, na usiingize unga wenye mabaki ya naitreti na ethanoli kwenye oveni. Huo ni mchanganyiko wa kulipuka.

Uthibitisho: kwenye FTIR (kipimo cha infraredi) angalia vilele vya 2920 na 2850 kwa sentimita. Hivyo ni vya mkia wa CTAB, na vikiwepo kazi haijaisha. Hakikisha kwanza ethanoli imekauka yote, maana nayo huonekana karibu na hapo. Kisha TGA (kupima uzito joto likipanda), uangalie uzito unaopotea kati ya nyuzi 200 na 350. Zeta ikigeuka kuwa hasi, hapo tuanze kuzungumza. Ukiweza kupata kipimo cha naitrojeni cha K 77 (kinachopima eneo la uso na vitundu), kausha sampuli kwa utupu nyuzi 120 usiku kucha kwanza. MCM-41 nzuri inatoa eneo la karibu m² 1000 kwa gramu na vitundu vya nm 2 hadi 3. Chembe zilizojaa CTAB zitatoa eneo dogo sana kulinganisha na hilo, na hapo utajua kwamba hata dawa haikupata pa kuingia.

Unyevu wa kwetu nao uuzingatie. Silika hii inanyonya maji ya hewani kwa pupa, kwa hivyo mg 50 ulizopima wakati wa masika si mg 50 za silika. Kausha nyuzi 105 kwa saa 2, ipoe ndani ya desiketa, upime haraka. Chupa ya TEOS nayo ikifunguliwa ovyo inaanza kuganda yenyewe. Na usihifadhi chembe ndani ya maji kwa wiki nyingi: kuta ni nyembamba, zinayeyuka na vitundu vinabomoka. Ziweke kavu, au kwenye ethanoli.

Mfamasia_Mtendeni

Naongezea hapo kwenye dawa, maana swali la pili ni zito kuliko linavyoonekana.

Dada, usiandike kwamba vitundu vinafunguka. Ulichopima ni tabia ya gefitinibu yenyewe. Dawa hii ni besi dhaifu. Umumunyifu wake unashuka kwa kasi kati ya pH 4 na pH 6, na juu ya pH 7 karibu haiyeyuki kabisa. Ukiweka unga wa gefitinibu mtupu, bila chembe yoyote, kwenye mfuko uleule, utapata mchoro wa namna hiyohiyo: kidogo kwenye 7.4, nyingi kwenye 5.0. Bila jaribio hilo la dawa tupu, mtahini yeyote anayejua dawa atakurudisha nyuma, na atakuwa na haki.

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Kwanza pima umumunyifu wa dawa kwenye kila bafa: weka dawa ya kuzidi, tikisa kwa nyuzi 37 muda wa saa 24, chuja, pima. Halafu hakikisha dawa yote uliyoiweka kwenye mfuko, hata ikitoka yote, haizidi theluthi moja ya kiwango hicho. Kwenye pH 7.4 mL 20 hazitakutosha. Ongeza ujazo, au tia Tween 80 (sabuni) kiasi cha 0.5% kwenye bafa zote mbili ili zilingane. Kila ukichota mL 1 rudisha mL 1 ya bafa ya moto uleule, na kwenye hesabu ijumlishe dawa uliyokwisha kuichota. Mstari wa kupimia kwa mwanga uutengeneze kwa kila bafa mbali, kwa sababu gefitinibu iliyobeba protoni haifyonzi mwanga sawa na isiyobeba.

Sasa mzigo wa dawa. Hiyo 16.7% ni kiasi ulichotia, na kilichoingia bado hakijulikani. Ukikausha methanoli yote, dawa iliyokosa nafasi inaganda nje ya chembe kama fuwele, na wewe unaihesabu kuwa imo ndani. Njia sahihi ni kuizungusha kwenye sentrifuji, kukusanya maji ya juu pamoja na maji ya kuoshea, kupima dawa iliyomo, na kutoa. Chukulia umetia mg 10 na umekuta mg 4 kwenye maji hayo: iliyobebwa ni mg 6, ufanisi wa kupakia ni 60%, na mzigo ni 6/56, yaani 10.7%. Kisha hakiki kwa upande wa pili: chukua mg chache za unga, toa dawa yote kwa HCl nyepesi, uone kama namba mbili zinakubaliana. Zisipokubaliana kwa zaidi ya sehemu ndogo, kuna dawa imeganda kwenye plastiki au imepotea kwenye kuosha.

Methanoli si kiyeyushi kizuri cha kupakia. Inashindana na dawa kwenye silanoli, inazishika yenyewe na dawa inabaki nje. Kiyeyushi kisichopenda kushikana na silanoli, kama dikloromethani yenye methanoli kidogo tu ya kusaidia kuyeyusha, kinaisukuma dawa iende kwenye kuta. Fanyia kazi hiyo ndani ya kabati la kuvuta mvuke.

Kipimo kimoja kinakata maneno: DSC (kipimo cha joto la kuyeyuka). Fuwele za gefitinibu zinayeyuka kwenye nyuzi 194 hadi 198. Ndani ya kitundu cha nm 3 hakuna nafasi ya fuwele kujipanga, kwa hiyo dawa iliyoingia kweli haina kilele hapo. Ukikiona kilele karibu na 195, hata kidogo, dawa iko nje. Weka pia mchanganyiko mkavu wa dawa na chembe tupu, kwa uwiano uleule, kama kilinganisho.

Seli_Hai

Habari zenu. Mimi nagusa seli tu.

A549 ni ukoo wa seli uliozoeleka sana, kila maabara inao, na ndiyo maana watu wanauchukua bila kuuliza. Lakini A549 ina mabadiliko kwenye jeni ya KRAS (G12S), na EGFR yake (kipokezi ambacho gefitinibu inakizuia) ni ya kawaida. Gefitinibu inakusudiwa kwa uvimbe wenye EGFR iliyobadilika. Ndiyo sababu µM 1 haikufanya kitu: kwa A549 unahitaji µM 10 hivi au zaidi kuona athari, na kwa kiwango hicho dawa inagusa mengi mengine. Tumia seli za PC-9 au HCC827, zote zina upungufu kwenye eksoni ya 19 na zinakufa kwa nM makumi. Kisha weka H1975 kama kilinganisho cha ukinzani: ina L858R pamoja na T790M, na T790M ndiyo inayoifanya gefitinibu ishindwe. Chembe zako zenye dawa zikiua PC-9 na kuiacha H1975, kazi ni ya dawa. Zikiua zote mbili sawasawa, kazi ni ya chembe, au ya kile Silanoli alichokitaja.

Kuthibitisha habari ya CTAB kwa upande wa seli ni rahisi: loweka chembe tupu kwenye maji ya kulishia seli kwa saa 24 nyuzi 37, zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu peke yake bila chembe, uyaweke kwenye seli. Seli zikifa, kinachoua kimeyeyuka kutoka ndani ya chembe.

MTT usiitegemee peke yake. Seli zilizomeza silika yenye vitundu zinaweza kutoa fuwele za formazani (rangi ya MTT) nje kabla ya wakati, na namba inapotoka. Ipime pamoja na LDH (kimeng'enya kinachovuja seli zikifa) au kuhesabu seli zilizo hai kwa rangi. Na kila kisima cha chembe kiwe na mwenzake kisicho na seli, chenye chembe na rangi tu, ili utoe ukungu wa chembe kwenye usomaji.

DLS ya kwenye maji safi haikuambii seli zinaona nini. Rudia ndani ya RPMI (maji ya kulishia seli) yenye seramu 10%, mwanzoni na baada ya saa 24. Nm 130 inaweza kuwa nm 800 kwa sababu ya chumvi na protini, na mabonge hayo yanazama juu ya seli zilizo chini ya sahani. Hapo kipimo ulichoandika kwa mL hakina maana tena.

Bint_Tunguu

Ahsanteni sana, Mungu awalipe kheri. FTIR niliyo nayo ina vilele vya 2920 na 2850, na ni virefu. Narudi kwenye kuchemsha kwa HCl.

Bado swali la pumzi. Na mwenzangu ananishauri niache silika niende kwenye ZIF-8 (chembe za zinki zenye vitundu), kwa kuwa inafunguka yenyewe kwenye tindikali. Pia naona kumvi za mpunga zinatupwa tu kule Cheju, Unguja. Naweza kupata silika humo badala ya kununua TEOS?

Mfamasia_Mtendeni

Pumzi ina sheria zake. Kitu kinachofika chini kwenye mapafu kina kipenyo cha hewa cha µm 1 hadi 5. Zaidi ya hapo kinagonga koo, na chembe ya chini ya nusu µm, sehemu kubwa inatoka tena na pumzi. Chembe yako ya nm 130 ikiwa peke yake hewani haiendi unakotaka. Lazima ibebwe, ama ndani ya matone ya nebulaiza, ama ndani ya punje kubwa ya manitoli au leusini iliyokaushwa kwa kunyunyiza, ambayo inayeyuka ikishatua. Kipenyo cha hewa ni kipenyo halisi mara kipeuo cha pili cha msongamano: punje ya µm 10 yenye msongamano wa g 0.1 kwa cm³ inaruka kama ya µm 3.2. Wazo la punje kubwa zenye matundu lilichapishwa mwaka 1997 na linasimamia hesabu hiyo. Kwa hali ya hewa ya visiwani manitoli ni salama zaidi kuliko laktosi iliyokaushwa kwa kunyunyiza, ambayo inalowa na kushikana. Ukichagua nebulaiza, jua kwamba maji ya chumvi ya 0.9% yanafuta chaji ya chembe na zinaganda pamoja. Zivike PEG (polima inayozuia kushikana), au tumia manitoli 5% badala ya chumvi.

Lakini swali la mwanzo ni kwa nini uivute gefitinibu. Ni kidonge cha mg 250 mara moja kwa siku. Madhara yake yanayoogopwa zaidi ni ugonjwa wa kuvimba kwa tishu za mapafu (si saratani), na hayo ni machache lakini yanaua. Kuirundika dawa hiyo, pamoja na silika, kwenye mapafu ambayo tayari ni mabovu ni jambo linalohitaji sababu nzito, na sijaiona kwenye maelezo yako. Isitoshe, hewa inakwenda kule njia iliko wazi. Uvimbe ukiziba bronkia, dawa inatua kwenye upande mzima, na iliyosambaa kwenye ini au mifupa haiguswi.

Ukitaka silika na gefitinibu viwe na kazi ya maana, ielekeze tumboni. Tindikali ya tumbo ikipunguzwa hadi pH ipite 5, gefitinibu inayoingia mwilini inapungua kwa karibu nusu. Kwa ranitidini pamoja na baikaboneti ilishuka kwa 47%. Wagonjwa wengi wanameza dawa za vidonda vya tumbo. Dawa iliyokaa bila fuwele ndani ya vitundu inayeyuka upesi zaidi, na hilo unaweza kulipima kwa vifaa ulivyo navyo: bafa za pH 1.2, 4.5 na 6.8, mL 900, nyuzi 37. Mwambie msimamizi wako hivyo kwa adabu, na umwekee mchoro mezani.

Ukishikilia pumzi, badilisha dawa. Ukienda kwenye sisplatini, usiiyeyushe kwenye kiyeyushi cha DMSO kwa hali yoyote, maana DMSO inashika platini na kuiua dawa. Tumia maji ya chumvi ya 0.9%, ambayo kloridi yake inaituliza, na sindano zisiwe za aluminiamu.

Silanoli_Mkoani

ZIF-8: mlango wake ni nm 0.34 na chumba chake nm 1.16. Gefitinibu haipiti mlangoni. Ungelazimika kuifungia ndani wakati wa kuijenga, na kile kinachobaki juu utakihesabu tena kuwa kimo ndani. Halafu watu wanasahau kwamba fosfeti inaivunja ZIF-8 hata kwenye pH 7.4, kwa sababu inaishika zinki. Kwa hiyo ukipima kwenye bafa ya fosfeti, inafunguka kote kote na hujui tindikali imefanya nini. Zinki inayotoka nayo ni sumu kwa seli, kwa hiyo utarudi palepale kwenye swali la chembe tupu. MIL-100 ya chuma ina milango mikubwa zaidi, lakini fosfeti inaisumbua vilevile. Maliza silika kwanza.

Kumvi ndiyo, zinafaa, ila si kwa hatua hii. Silikati ya sodiamu inayotoka kwenye majivu inakupa chembe za ukubwa unaoyumba, mara nyingi za µm, na utashindwa kujua tatizo liko kwenye chembe au kwenye dawa. Tengeneza za TEOS mpaka zikubali, kisha za kumvi ziwe sura ya pili.

Ukifika huko: osha kumvi, kausha, zichemshe kwenye HCl ya moli 1 kwa muda wa saa 2, osha hadi maji yasiwe na tindikali. Hatua hii usiiruke. Inatoa potasiamu, ambayo ikibaki inayeyusha uso wa majivu na kufungia kaboni ndani, na utapata unga wa kijivu usiotakata hata uuchome siku nzima. Kisha tanuri nyuzi 600, saa 5, hewa ipite. Majivu meupe g 10 yachemshe kwenye NaOH ya moli 2, mL 100, saa 1 ukikoroga, chuja kikiwa bado moto. Maji hayo ndiyo silikati utakayoishusha kwa tindikali mbele ya CTAB. Tumia chombo cha plastiki ya PP au chuma cha pua, kwani NaOH ya moto inakula kioo na kukuongezea silika isiyo yako.

Usipandishe tanuri kufika nyuzi 800. Huko silika inageuka fuwele, na vumbi la silika ya fuwele limo kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ni saratani hiyohiyo ya mapafu. Piga eksirei ya unga (XRD) kabla ya kuendelea. Silika isiyo fuwele inatoa kilima kipana karibu na 22° kwa mionzi ya shaba. Ukiona kilele chembamba kilichosimama kwenye 21.9°, hiyo ni kristobaliti: tupa fungu lote likiwa limeloweshwa maji, barakoa ya N95 usoni, na uanze na kumvi nyingine.